KIBUYU CHA SIAGI NA SANDUKU LETU
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, 2015 hadi 2025

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha leo tukiwa hai, kwani wenzetu watatu tulioanza nao hatunao tena. Tusimame kidogo tuwakumbuke. Asanteni, tukae.

Ndugu mgeni rasmi, risala ya mapato na matumizi itasomwa na Katibu, na Mweka Hazina atatoa hesabu ya sanduku shilingi kwa shilingi. Hatutaki kuwachosha mara mbili. Sisi tumeombwa na kamati tuseme juu ya jambo moja, nalo ni siagi. Wako watakaocheka. Miaka kumi ya kikundi, mama mzima anasimama mbele ya Diwani kuzungumza siagi! Lakini wanachama wanajua kwa nini, na wale wasiojua watajua kabla hatujakaa.

Kikundi hiki kilianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 18, na leo tuko 31. Hisa tulipanga iwe shilingi 2,000 kwa wiki. Kupanga ni rahisi. Siku ya kwanza ya kutoa hisa, zaidi ya nusu yetu hatukuwa na shilingi 2,000 mkononi. Fedha ya kahawa ni ya baba na huja mara moja kwa mwaka, ndizi zilikuwa bado, fedha ya maziwa ya asubuhi hulipwa kwa mwezi na aliyeandikwa kwenye daftari ni baba. Ndipo mama mmoja akafungua kikapu chake akatoa siagi iliyofungwa kwenye jani la mgomba, akasema, “Mimi hisa yangu hii hapa. Kauzeni.” Tukaulizana, kumbe karibu kila mmoja nyumbani anayo. Wiki iliyofuata tulileta siagi badala ya fedha, tukachagua wawili waende nayo soko la Tengeru siku ya Jumamosi, na fedha waliyorudi nayo ndiyo ikaingia sandukuni. Kwa hiyo mtu akiuliza mtaji wa kwanza ulitoka wapi, ulitoka kwenye kibuyu. Hakuna mfadhili aliyetuletea.

Sasa kwa ajili ya vijana waliokaa huku mbele, ambao siagi wanaijua kwenye kopo la dukani tu, na mara nyingi hiyo ya kopo siyo siagi ya maziwa, ni mafuta ya mimea, hebu tueleze kazi yenyewe jinsi tulivyofundishwa na mama zetu na mama wakwe zetu. Tukisema kwa haraka mtaona ni kitu kidogo. Siyo kidogo.

Kwanza ni kibuyu. Kibuyu hakinunuliwi leo kikatumika kesho. Kinakaushwa mpaka mbegu zinalia ndani, kinakatwa mdomo, kinajazwa maji siku kadhaa ili nyama ya ndani ioze na kulegea, kinasuguliwa, kinatolewa uchungu kwa maji ya moto tena na tena. Ukiwa na haraka, maziwa yako yote yatakuwa machungu, na mama mkwe atajua kabla hajameza. Baada ya hapo ni moshi. Tunachukua kaa la moto la mti mgumu. Ulio bora ni mzeituni wa porini, ule ambao jirani zetu Wamaasai wanauita oloirien. Kaa linaingizwa kibuyuni, linasukwa huku na huku mpaka lichome ukuta wa ndani, kisha majivu yanamwagwa na kibuyu kinapigwa brashi. Moshi ule unatia harufu nzuri, na pia unaua vijidudu vinavyoharibu maziwa. Bibi zetu hawakusema vijidudu, walisema kibuyu kisichofukizwa “kinalala.” Jina tofauti, maana ile ile. Kila baada ya kutoa siagi, kibuyu kinaoshwa kwa maji ya moto na kufukizwa upya. Hakuna kupumzika hapo.

Pili ni maziwa yenyewe. Yanachujwa kwa kitambaa safi, yanawekwa mahali pa baridi yagande. Huku kwetu mlimani, miezi ya joto siku mbili zinatosha. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ikishuka pamoja na ukungu, inaweza kuchukua siku nne. Mtindi ukiwa tayari unamiminwa kibuyuni, lakini usijaze. Nusu inatosha, ukizidi sana ni theluthi mbili. Siagi inatokana na maziwa kupigana yenyewe kwa yenyewe, na kibuyu kilichojaa maziwa hayana nafasi ya kupigana. Hapa ndipo mabinti wengi wanaokuja kujifunza wanapopata taabu: anajaza mpaka shingoni apate nyingi, anasuka saa mbili, hapati hata kijiko.

Unakaa kwenye kigoda, kibuyu juu ya magoti na kanga iliyokunjwa chini yake, unasuka mbele na nyuma. Wengine wanakifunga kamba kwenye boriti kikaning'inia, hiyo inapunguza uchovu wa mabega. Mara kwa mara unafungua kizibo hewa itoke. Na unasikiliza. Mwanzoni maziwa yanalia kwa sauti nyepesi, kama maji. Halafu yanakuwa mazito, sauti inafifia kabisa, hapo mvivu anakata tamaa. Ukiendelea kidogo, ghafla sauti inarudi, sasa kuna kitu kinagonga. Fungua uone: chembe za njano kama mchele uliopondwa. Siagi imefika. Kama kila kitu ni sawa, ni nusu saa mpaka saa moja.

Kama siyo sawa, jua ni joto au baridi. Wataalamu wanasema mtindi wa kusuka unatakiwa uwe kati ya nyuzi joto 15 na 20. Sisi kipimajoto hatukuwa nacho, tulipima kwa kuegemeza shavu kwenye kibuyu. Ukiwa wa moto mno, siagi inakuwa laini kama uji na nyingi inabaki kwenye maziwa, basi kibuyu kikae kwenye maji ya mtoni kwanza. Ukiwa baridi mno, mafuta yanakuwa magumu na hayashikani, basi kibuyu kiwekwe kwenye beseni la maji vuguvugu. Vuguvugu, jamani, siyo ya chai.

Siagi ikishashikana inatolewa, inaoshwa kwa maji safi ya baridi yaliyochemshwa yakapoa, mara mbili mara tatu mpaka maji yatoke meupe bila rangi ya maziwa. Kisha inakandamizwa kwa mwiko ili maji yatoke. Maziwa yakibaki ndani ya siagi, ndiyo yanayoifanya ichache haraka. Chumvi kijiko kimoja kikubwa kwa kilo, kwa anayependa.

Ndugu mgeni rasmi, ili upate kilo moja ya siagi unahitaji lita 20 mpaka 25 za maziwa, au zaidi kidogo kwa kibuyu, kwa sababu kibuyu hakitoi mafuta yote. Inategemea na ng'ombe. Ng'ombe wa Friesian anajaza ndoo lakini maziwa yake yana mafuta machache. Jersey na ng'ombe wetu wa asili wanatoa kidogo ila ni mazito. Ndiyo maana bibi mmoja hapa kijijini, alipoletewa mtamba wa Friesian na mwanawe, alishukuru sana, halafu akauliza kama huyo mnyama anatoa maziwa au maji ya kuoshea vyombo.

Kuna jambo la afya hatuwezi kuliruka. Zamani mtindi wa siagi ulikuwa wa maziwa mabichi, na wengi wetu tulikua hivyo. Lakini leo tunajua kwamba ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba, ule wanaouita brusela, unampata binadamu kwa maziwa mabichi na kwa siagi ya maziwa mabichi. Homa inakuja na kuondoka, viungo vinauma, mtu anatibiwa malaria mwaka mzima kumbe siyo malaria. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho ni hivyo hivyo. Kwa hiyo katika kikundi tuliamua tangu mwaka 2017, na uamuzi huo hauna mjadala: maziwa yanachemshwa kwanza, yanapozwa mpaka ukidondoshea mkononi husikii moto, ndipo unatia kikombe cha mtindi mzuri wa jana ili yagande. Siagi inatoka vile vile. Wazee walisema haitatoka. Walipoonja, wakanyamaza.

Hiyo ndiyo siagi. Samli tutaisema kwa sababu ndiyo iliyotuokoa.

Mpaka mwaka 2019 siagi yetu nyingi ilikwenda kwenye hoteli mjini Arusha, zile za watalii. Hoteli moja, hatuitaji, ilikaa na fedha zetu miezi minne na kila tukipiga simu mhasibu alikuwa safarini. Lakini kwa jumla soko lilikuwepo. Ukaja mwaka 2020, ugonjwa wa korona, ndege za watalii zikakatika, hoteli zikafunga milango. Siagi haikai. Bila friji, kwa baridi yetu ya huku juu, ukijitahidi ni wiki moja, na wakati ule tulikuwa nayo ndoo mbili. Tukakaa kikao chini ya mti, tukatengeneza samli yote.

Siagi ina maji ndani yake, karibu sehemu moja kwa sita. Maji hayo ndiyo maisha ya vijidudu. Ukiweka siagi kwenye sufuria kwa moto mdogo, inayeyuka, inatoa povu, inalia chwaa chwaa chwaa. Kinacholia ni maji yanayotoka. Kelele ikinyamaza na mashapo ya chini yakianza kuwa rangi ya kahawia, epua mara moja. Unachuja kwa kitambaa kikavu kwenye chupa kavu ya kioo. Tunarudia, kavu. Tone moja la maji linaharibu chupa nzima. Mashapo ni ya watoto, na ugali wa moto hakuna kitoweo kinachoyashinda. Kilo moja ya siagi inakupa gramu kama 800 za samli, na samli hiyo inakaa miezi mingi kabatini bila friji na bila dawa yoyote.

Samli si kitu kigeni nchi hii. Enzi za Waingereza, wanawake wa Usukuma na Musoma walisuka maziwa, na samli yao ilinunuliwa na wafanyabiashara ikasafirishwa kwenda mijini. Watu wa Pwani wameipikia pilau na chapati tangu zamani, na familia za Kihindi hapo mjini Arusha hazikuacha kuihitaji kwa sababu ya korona. Basi tukauza huko. Mnunuzi mmoja, huyo naye hatumtaji, tulikuja kugundua anachanganya samli yetu na mafuta ya kupikia na kuiuza kwa jina letu. Tangu hapo tunauza kwenye chupa zetu zenye karatasi ya muhuri, na tunawafundisha wateja: samli ya kweli ikipoa taratibu inafanya chembe chembe kama mchanga laini, na harufu yake unaijua hata ukifumba macho. Mwaka ule wa 2020 hakuna mwanachama aliyeshindwa kurejesha mkopo. Tunamwomba Mweka Hazina athibitishe. Mnaona anatikisa kichwa.

Sasa ndugu wananchi, tumefika kwenye lile ambalo kamati imetutuma.

Ng'ombe wa ndani, wa kukatiwa majani, anakamuliwa mara mbili. Maziwa ya asubuhi yanakwenda kituoni, gari linakuja kuyachukua, yanaandikwa kwenye daftari, fedha inalipwa mwisho wa mwezi kwenye simu ya aliyeandikwa. Katika nyumba nyingi hapa aliyeandikwa ni baba, kwa kuwa ng'ombe ni wa baba. Hatubishani na hilo leo. Maziwa ya jioni hayakuwa na gari. Yalibaki nyumbani, na kilichobaki nyumbani ni cha mama: watoto wanakunywa, jirani anapewa, yanayobaki yanaingia kibuyuni. Hakuna aliyekaa akatunga sheria hiyo. Tuliikuta. Na ukitazama vizuri, sanduku letu la kufuli tatu limejengwa juu ya maziwa ya jioni.

Mwaka huu kituo kimeweka tanki la kupoza. Ni maendeleo, na tunayapokea kama maendeleo. Maziwa hayaharibiki tena usiku, kwa hiyo kituo kimetangaza kuwa kitapokea ya asubuhi na ya jioni. Wameshapita nyumba kwa nyumba. Akina baba wengi wameshatia sahihi, na jina ni lile lile, simu ni ile ile.

Tangu mwezi wa nne, hisa za wanachama tisa zimeshuka au zimekatika. Tulipowatembelea hao tisa, hakuna hata mmoja aliyekuwa mgonjwa wala mvivu. Vibuyu vilikuwa vimening'inia ukutani vikavu, kimoja kimeshapasuka. Mama mmoja alituambia, “Kuomba fedha ya sabuni nilikuwa nimesahau kunavyofanana. Sasa nimekumbushwa.” Mumewe si mtu mbaya, tunamjua, yuko hapa ukumbini na hatuna ugomvi naye. Fedha inaingia kwenye simu yake, anadaiwa pumba, anadaiwa mashudu, anadaiwa dawa ya kupe, ikifika jioni imekwisha na yeye mwenyewe hajui imekwenda wapi.

Wako wanachama, tena mabinti wachapakazi, wanaosema tuache tu, tuuze yote, kusuka ni kazi ya bibi. Tumewasikiliza, na hoja yao tuiweke mezani kwa haki, kwani hapa hatuli njama. Tufanye hesabu ya mfano. Ukibakiza lita mbili kila jioni, kwa wiki mbili una lita 28. Tuseme kituo kinalipa shilingi 1,000 kwa lita: hiyo ni shilingi 28,000, na hujachoka. Ukisuka, unapata kilo moja ya siagi, tuseme shilingi 14,000, na unabaki na mtindi kama lita 25. Mtindi uliotolewa siagi ukiuuza kwa shilingi 500 ni 12,500. Jumla 26,500. Umepungua shilingi 1,500 na mabega yanakuuma. Kwa hesabu ya karatasi mabinti wameshinda, na hatuwezi kusimama hapa kudanganya mbele ya Diwani.

Lakini mtindi ule hatuuzi wote, tunaula. Lita 25 ni loshoro ya nyumba nzima kwa wiki mbili, ni uji wa watoto kabla ya shule, ni bibi asiye na meno kupata kitu cha kumeza. Mtindi bado una nguvu hata siagi ikitoka. Kilichotoka zaidi ni mafuta. Maziwa yakienda yote kituoni, mtoto wa mwenye ng'ombe anakunywa chai ya rangi. Tumeyaona, hatusimulii ya kusikia. Na mzazi aliyejifungua? Mtori wake unatiwa siagi ya wapi? Mtanunua ile ya kopo?

La pili ni mkono unaoshika. Shilingi 28,000 ya kwenye simu ya baba na shilingi 14,000 ya kwenye pindo la kanga ya mama hazifanyi kazi moja. Hii ya pindo, kila Alhamisi tunaiona hapa. Ndiyo iliyolipa sare na madaftari, ndiyo iliyotoa mikopo ya kuku na ya cherehani, na mara saba katika miaka hii ndiyo iliyokodi gari usiku kumkimbiza mama mjamzito hospitali. Mweka Hazina atasoma orodha.

Tusidhani kuuza maziwa mabichi ni adui. Wenzetu wa Nronga, wilaya ya Hai, upande wa Kilimanjaro, walianza ushirika wao wa maziwa mwaka 1988, na ni ushirika wa wanawake. Maziwa yao yanauzwa, lakini kituo ni chao, daftari ni lao, na jina lililoandikwa ni la mama. Tofauti iko hapo.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo, na tunayasema hadharani akina baba wakiwepo ili asiwepo wa kuambiwa na jirani. Lita mbili za jioni zibaki nyumbani, kila nyumba yenye ng'ombe anayekamuliwa. Zinazozidi ziende kituoni, hatuzuii. Na zitakazokwenda jioni ziandikwe jina la mama na namba ya simu ya mama. Tumekwenda kumwuliza karani wa kituo kama inawezekana, akasema daftari halina shida, anayeleta maziwa ndiye anayeandikwa, kinachotakiwa ni baba akubali tu. Basi baba zetu, mmesikia. Karani hana shida.

Kwa mabinti wanaochoka: kikundi kimeshanunua kwa fedha zake pipa la kusukia lenye mpini wa kuzungusha. Linachukua mtindi wa nyumba nne kwa mara moja na halihitaji umeme. Litakaa nyumbani kwa Katibu, zamu zimeandikwa ukutani. Anayetaka kibuyu aendelee na kibuyu, sisi wa umri huu hatutaacha, tumekizoea kama tulivyozoea watoto mgongoni. Siagi ya kibuyu ina harufu ya moshi na iko bei tofauti. Wateja wengine wanaitaka hiyo hiyo.

Mheshimiwa Diwani, ombi letu kwako si fedha ya sherehe. Kikundi kimeandikishwa kama inavyotaka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, karatasi zote zipo. Tunajua kuna mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo nne ni ya wanawake. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024. Tumeomba. Fomu zetu ziko wilayani na tunaomba utufuatilie zisilale. Tunataka friji moja kubwa, chupa za kutosha, na tuitengeneze ile chumba ya nyuma ya godauni iwe na vigae ukutani na maji ya bomba, ili tuweze kuomba alama ya ubora ya TBS. Bila alama ile duka kubwa la mjini halichukui samli yako, hata iwe nzuri namna gani. Na Chuo cha Mifugo kiko hapo Tengeru, siyo mbali. Tungependa mabinti wetu wawili wakapate mafunzo ya usindikaji. Nauli tutatoa sisi.

Tumesema mengi na chakula kinapoa. Nyuma ya ukumbi kuna meza tatu. Ya kwanza ni siagi ya kibuyu, ya pili siagi ya pipa, ya tatu samli ya mwezi wa pili ambayo haijaingia friji hata siku moja. Onjeni zote tatu kwa chapati na viazi vitamu, msituambie tu kwamba ni tamu, semeni ipi imezidi na kwa nini. Wanachama tunakutana Alhamisi saa tisa kamili kupiga kura juu ya lita mbili za jioni. Kura ni ya siri, kwa punje: hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Anayechelewa faini yake inajulikana.